Likizo ya Pwani: Ni Nani Anayepumzika?

Shule zinapokaribia kufungwa, katika nyumba nyingi za Wakristo huzuka swali moja ambalo halimo katika mafundisho ya maandalizi ya ndoa: mwaka huu twende wapi na watoto? Wengine huenda kwa nyanya mashambani, na hiyo ni likizo njema isiyohitaji kutetewa. Lakini wazazi wengi wafanyao kazi mijini, hasa wenye watoto wadogo, hutamani kuwapeleka pwani. Hawaendi kutafuta muziki wala vidimbwi vya kuogelea vya hoteli. Wanataka watoto wao waone bahari, kaa, mikoko, kasa, na mwezi ukichomoza juu ya maji. Nia hiyo ni njema. Ninalotaka kuuliza ni jambo ambalo mimi sikuliuliza mara ya kwanza tulipokwenda, na lilitugharimu. Tukisema familia inakwenda kupumzika, ni nani hasa anayepumzika?

Tulikwenda Watamu tukiwa na watoto watatu. Mkubwa alikuwa na miaka sita, wa pili minne, na wa mwisho alikuwa bado hajaacha nepi. Mimi ndiye niliyepanga kila kitu na nilijisifu kwa hilo. Nilikata tikiti, nikakodi nyumba ndogo karibu na ufuo kwa kuwa hoteli ilikuwa ghali, nikaweka kando pesa za mashua na za kiingilio. Mke wangu alifunga mizigo. Alifunga nguo za watu watano, dawa, chandarua, beseni, na sufuria mbili kwa sababu hakuziamini sufuria za watu wengine. Nilimcheka.

Siku ya tatu nilikuwa nimelala chini ya mvinje, gazeti usoni. Nikamwita aje aone jahazi lililokuwa likipita nje ya mwamba. Hakuja. Nilipoinuka nilimkuta nyuma ya nyumba penye mfereji akifua, mtoto mdogo analia mgongoni, na samaki niliyemnunua asubuhi bado yuko kwenye ndoo akisubiri kuparwa. Akaniambia bila kupandisha sauti: "Baba, wewe umekuja pwani. Mimi nimebadilishiwa jiko tu."

Nilijibu vibaya. Nilimkumbusha ni nani aliyelipa. Siku mbili zilizobaki tulizimaliza tukizungumza kupitia kwa watoto: "Mwambie baba chakula kiko tayari." "Mwambie mama nakuja." Wanandoa wanaoijua lugha hiyo watanielewa.

Sasa, mume aliyefanya kazi mwaka mzima ana hoja yake, na si haki kumnyamazisha. Amekatwa mshahara, amepanda matatu alfajiri, amevumilia mkubwa wake kazini. Kwake pwani ni mahali ambapo hakuna anayemtuma. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kasoro yake ni kwamba inachukulia pumziko kuwa ni malipo, kana kwamba anayeleta pesa ndiye mwenye kulipwa. Kitabu cha Mwanzo hakisemi hivyo. Mungu aliitazama kazi yake yote akaona ni njema sana, kisha akapumzika. Kutazama na kupumzika yako karibu sana katika habari ile, na ndiyo maana nadhani mzazi anayempeleka mtoto kumtazama kaa akichimba shimo lake yuko karibu na maana ya Sabato kuliko yule anayempeleka mahali penye kelele.

Tena, Amri ya Tatu inamlenga nani? Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya tano, Musa anapoirudia anatoa sababu yake: mtumishi wa kiume na wa kike wapate kupumzika sawasawa na bwana wao, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa watumwa Misri. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, wanatajwa ng'ombe, punda, mgeni, na hata mwana wa mjakazi. Ni amri inayomkabili mwenye uwezo wa kuwaamuru wengine na kumwonyesha wale ambao hawawezi kujipa pumziko wao wenyewe. Mke hakutajwa katika orodha hizo. Naamini ni kwa sababu neno "wewe" linawahusu mume na mke kwa pamoja. Katika nyumba zetu, lakini, mara nyingi tunaishi kana kwamba alisahauliwa.

Kwa hiyo kupanga likizo ni jambo la dhamiri kabla halijawa jambo la tikiti. Anayepanga anagawa mizigo, hata asipojua. Mimi niligawa, na nilijigawia gazeti.

Wapo watakaosema dawa ni rahisi: mchukueni msichana wa kazi. Tulilifikiria hilo mwaka uliofuata, na mke wangu ndiye aliyelikataa. Aliniuliza kama najua kwamba msichana wetu ana mtoto wa miaka mitano anayelelewa na nyanya yake. Nilijua, kwa namna ile mtu anavyojua jambo ambalo hajawahi kulifikiri. Tungempeleka pwani akalale chumba kimoja na watoto wetu, aamke nao usiku, awachunge majini mchana, kisha tuwaambie jirani kwamba tulimpa likizo. Mwana wa mjakazi ametajwa katika Maandiko, na wetu alikuwa na jina na darasa aliloanza mwaka ule.

Sheria ya Ajira ya nchi yetu ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, akiwemo wa nyumbani, angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 zenye malipo kila baada ya miezi 12. Ni wangapi kati yetu tunaopokea Komunyo pamoja kila Jumapili tunaotimiza hata hilo? Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inatuonya tusiwatwike wengine kazi zisizo za lazima zinazowazuia kuitunza siku ya Bwana. Tuliamua aende kwao siku zote tutakazokuwa pwani, na mshahara wake, na nauli. Ikiwa familia yako haiwezi kabisa kusafiri bila msaidizi, kwa mfano kuna mtoto mlemavu au mama ni mja mzito, basi mwende naye, lakini mkubaliane mapema saa zake za kazi na siku yake ya kuwa huru, na likizo yake mwenyewe ibaki palepale. Kumfikisha mtu ufukoni si kumpumzisha.

Kuna sauti nyingine inayowasumbua wanandoa wetu, nayo haitoki ufukoni. Inatoka kwenye simu. Shemeji hana karo. Mama mkwe anadaiwa hospitalini. Je, mtu anaweza kumlipa mwenye mashua wakati mpwa wake ametumwa nyumbani? Sitaki kulijibu kwa wepesi. Mwaka mmoja tuliahirisha safari kwa sababu ya jambo la namna hiyo, na sijuti. Mwaka mwingine hatukuahirisha, na ndugu mmoja alinuna mpaka Pasaka. Injili ya Marko, sura ya sita, inatuonyesha Bwana akiwaita mitume wake waliochoka waende faraghani wapumzike kidogo, wakapanda mashua, na walipofika ng'ambo wakakuta umati umewatangulia. Hakusema kwamba wazo la kupumzika lilikuwa kosa, wala hakuufukuza umati. Wanandoa na waketi mapema, miezi kadhaa kabla, waseme wazi: hiki ni cha ukoo, hiki ni cha watoto wetu kuwa pamoja nasi, na kikija kilio cha kweli tutaamua wawili. Kinachovunja nyumba ni mmoja kutuma pesa kwao kwa siri au mwingine kuificha safari. Na tuseme kweli, kinachoifanya likizo kuwa anasa mara nyingi ni ukubwa wake. Bahari haitozi pesa kwa kutazamwa.

Safari ya pili tuliipanga tukiwa wawili mezani, kalenda mbele yetu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba bahari yenyewe ina ratiba, na kwamba ratiba hiyo inaweza kuwasaidia wazazi kuliko ratiba ya hoteli yoyote.

Kwanza ni majira. Aprili na Mei mvua za masika hunyesha. Agosti, watoto wanapokuwa nyumbani, kusi bado linavuma, mawimbi ni makubwa na ufuo hujaa mwani, ingawa nyumba huwa na bei nafuu. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, maji huwa meupe na samaki huonekana vizuri. Tulichagua mwanzo wa Desemba, kabla ya msongamano wa Krismasi na bei zake.

Pili ni mwezi. Wenyeji wa pwani huyaita maji ya bamvua yale yanayojaa sana na kupwa sana, siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika pwani yetu ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kabisa asubuhi, kama saa nne hivi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita nne. Bahari iliyokuwa mlangoni alfajiri inarudi nyuma hadi karibu na mwamba, ikiacha vidimbwi vya maji ya vuguvugu vinavyomfikia mtoto magotini, na ndani yake kuna viti vya pweza, majongoo bahari, na visamaki vya rangi zote. Mtoto wa miaka minne anaweza kukaa saa nzima mbele ya kidimbwi kimoja. Siku za maji mafu, katikati ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hayatoki mbali na saa za kupwa ni nyingine kabisa. Tulipanga siku zetu tano ziangukie kwenye bamvua.

Ratiba hiyo ndiyo iliyogawa kazi. Baada ya kifungua kinywa niliwachukua watoto wote watatu mimi mwenyewe, na viatu vya raba miguuni kwa sababu ya wale wenye miiba mirefu myeusi, kofia vichwani, mashati ya mikono mirefu, na kijana mwenyeji tuliyemlipa atuongoze tusikanyage matumbawe. Tulirudi kabla jua halijawa kali na kabla maji hayajageuka, kwa maana yakigeuka hujaa haraka na mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hana mbio. Hapa sina mzaha: kwenye maji, kila mtoto mdogo awe na mtu mzima mmoja anayemtazama yeye tu, na simu ibaki nyumbani. Kijana yule alimtazama mkubwa, mimi nilimshika wa pili, na mdogo nilimfunga mgongoni kwa leso kama afanyavyo mama yake. Wavuvi walinicheka sana. Mchana tulilala wote chini ya vyandarua, na jioni zamu ikawa ya mama kwenda nao mchangani. Mama mmoja wa hapo tulimlipa atupikie wali na samaki wa nazi mara moja kwa siku. Tulikubaliana bei kabla, na Jumapili hakuja.

Mke wangu naye alikuwa na sehemu yake ya kujifunza, na ameniruhusu niiandike. Asubuhi ya kwanza hakuweza kukaa. Alifagia mchanga ndani ya nyumba iliyo mchangani! Baadhi ya akina mama wamebebeshwa kazi muda mrefu hata mikono haijui kuwa mitupu, tena humkosoa mume anapomfunga mtoto nepi mpaka anaacha kabisa. Nepi iliyofungwa upande haijamuua mtu.

Asubuhi ya tatu niliporudi na watoto nilimkuta ameketi peke yake kwenye kivuli, macho mekundu. Niliogopa, nikadhani nimekosea tena. Akaniambia hapana. Alikuwa akimlilia mama yake. Mama mkwe wangu tulikuwa tumemzika miezi minane nyuma, na siku zile za matanga binti yake alikuwa jikoni akiwapikia waombolezaji, kisha akahesabu masufuria ya kukodi, kisha tukarudi mjini na muhula ukaanza. Miezi minane hakuwa amepata saa moja isiyo na mtu anayemwita. Niliketi kando yake. Mtoto wa pili akamletea unyoya wa ndege. Hatukusema mengi.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika barua nzima juu ya siku ya Bwana mwaka 1998, na Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, anaunganisha pumziko la Jumapili na haki za wengine pamoja na utunzaji wa viumbe. Zamani niliisoma sehemu hiyo kama mambo ya wataalamu. Kule ufukoni niliielewa kwa njia ya kawaida kabisa. Ng'ombe na punda wamo katika amri. Basi na hawa wa baharini?

Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Ndani yake hairuhusiwi kuvua wala kuchukua makombe au matumbawe. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu iligeuka nyeupe na kufa, na kurudi kwake kumekuwa kwa polepole. Kasa jike hupanda ufukoni usiku kutaga, na mayai yake hukaa mchangani kama miezi miwili. Vitoto vikitoka huelekea penye mwanga, ambao kwa maelfu ya miaka ulikuwa mng'ao wa bahari, na leo huenda ukawa taa ya baraza la nyumba uliyokodi. Kwa hiyo tulizima taa za nje kila jioni, na watoto wakaifanya kuwa kazi yao, wakigombana ni zamu ya nani. Kiumbe aliyetupa nafasi ya kupumzika asilipie pumziko letu kwa maisha yake.

Juu ya matembezi mengine nitasema machache. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba kama 420, uko karibu, na ndani yake yumo sange mwenye nyuma ya rangi ya dhahabu na pua kama mkonga. Sisi hatukumwona, lakini watoto walimtafuta kwa bidii, na kutafuta kulitosha. Gedi, mji wa mawe ulioachwa katika karne ya 17 na ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, una miti mikubwa na kima wasioogopa watu, kwa hiyo fichene ndizi zenu. Mikoko ya Mida ni ya jioni. Ila msiyafanye yote. Safari moja kwa siku inatosha kwa watoto wadogo, na siku moja iachwe bila kitu chochote. Tamaa ya kuona kila kilicholipiwa ni ile ile iliyonilaza chini ya mvinje, imevaa nguo nyingine.

Jumapili tulikwenda Misa Malindi, mji aliopitia Mtakatifu Fransisko Ksaveri mwaka 1542 akielekea India. Watoto walikuwa na mchanga masikioni. Nilipotazama pembeni mke wangu alikuwa amefumba macho wakati wa nyimbo, mdogo amelala begani mwangu, si mwake.

Tulirudi kwa treni. Tulipokuwa Tsavo, kila mtu amebanwa dirishani akitafuta ndovu, mkubwa wetu alivua soksi na kombe likaanguka sakafuni. Alikuwa amelificha siku mbili. Nilianza kuhubiri. Mama yake akanigusa mkono, akamwuliza mtoto kwa utaratibu kama anamkumbuka yule kaa mdogo aliyemwona akihamia ndani ya kombe tupu. Mtoto akanyamaza kwa muda mrefu, halafu akauliza: "Sasa yule mwingine atalala wapi?" Kombe liko kwenye dirisha la chumba chao hadi leo. Ameapa kulirudisha yeye mwenyewe, na kila mwezi mpevu hutuuliza kama bamvua imefika.